Dada, Ilikubali?

Jambo hili lilinipata mchana, jua likiwaka, nikiwa nimeshiba na sina homa. Nalisema mapema kwa sababu najua utakalouliza. Kila niliyemsimulia ameniuliza kama nilikuwa nimelala vizuri usiku wa kuamkia siku hiyo. Nililala kama kawaida. Mimi si mtu wa kuona vitu. Nimekulia Baba Dogo, Nairobi, nimepakia sabuni kiwandani miaka minne, na wanaonijua watakwambia mdomo wangu haujawahi kunyamazishwa na mtu. Basi niamini, au angalau nisikilize mpaka mwisho ndipo ubishe.

Kiwandani kwetu ratiba ya zamu ilikuwa ikiandikwa kwa kalamu kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Kila wiki ugomvi. Huyu amewekwa zamu ya usiku mara tatu, yule hajawekwa hata moja, na mwenye kuandika anaapa kwamba hana upendeleo. Mimi nilikuwa nimejifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, mwaka mzima, peke yangu, kwenye laptop kuukuu ambayo betri yake ilishakufa. Nikamwendea meneja wetu, Bi Wambui, nikamwambia naweza kuandika programu itakayopanga zamu kwa haki. Akanitoa kwenye laini ya sabuni kwa miezi mitano, kuanzia mwezi wa pili, akanipa meza ndogo karibu na stoo.

"Ukimaliza hiyo miezi, Jumatatu saa mbili asubuhi nataka kuiona ikifanya kazi," aliniambia. "Isipofanya, unarudi kwa mashine, na sitaki hadithi."

Kazi ya mashine hainitishi, naijua. Kilichonitisha ni kicheko cha wenzangu, maana nilikuwa nimeshatangaza. Nilikuwa nimewaambia akina mama wa laini kwamba karatasi ile ya mlangoni siku zake zimehesabiwa. Walikuwa wakinitegemea, na walikuwa wakiningojea nianguke, wote kwa pamoja. Unajua watu walivyo.

Sasa nikueleze kuhusu kikundi. Tuko watu wengi kwenye simu, kutoka Eastlands nzima na kwingineko, tunaosaidiana maswali ya Python. Kina sheria zake. Usitume picha ya skrini, bandika maandishi. Bandika kosa lote, usitukatie nusu. Na ya mwisho, ambayo wote huifahamu: ukishasaidiwa, rudi useme "imekubali", ili aliyekujibu ajue jibu lake lilifaa na atakayekuja nyuma yako ajue njia ipo. Neno moja tu. Mimi mwenyewe nimewafokea wageni wengi kwa kutorudi. Nilikuwa na jina la ukali humo ndani, na sitakudanganya, nililipenda.

Mwezi wa tatu nilikwama. Programu yangu ilikuwa ikipanga tarehe vibaya, inaweka tarehe kumi kabla ya tarehe mbili. Niliona aibu kuuliza, kwa sababu ni kosa la mtu anayeanza, lakini nikauliza. Akanijibu mtu mmoja anayeitwa Barasa, mkazi wa mtaa wa Fedha. Aliniandikia kwa upole kwamba kompyuta ilikuwa inazisoma tarehe kama maneno, ndiyo maana ikaangalia ile moja ya kumi kwanza. Zigeuze ziwe namba, akasema, kisha uzipange. Akanionyesha mstari mmoja mfupi. Niliubandika, tarehe zikakaa sawa papo hapo, nikafunga simu nikaendelea na mambo yangu.

Kesho yake akaandika, "Dada, ilikubali?" Niliona. Siku mbili baadaye, tena. Wiki ilipopita akaandika, "Dada, kama haikukubali niambie nikuangalilie upya." Hilo nalo nililisoma. Sikujibu. Kwa nini? Kwa sababu kikundi kizima kingekumbuka kwamba mimi, mwenye kufokea watu, nilisaidiwa kitu cha darasa la kwanza. Nikaacha maswali mengine yalifunike lile langu. Hilo ndilo kosa langu, na nimelitaja waziwazi ili usifikiri nakusimulia habari za mtu mwingine.

Sasa tuje kwenye Jumamosi yenyewe, mwezi wa saba, imebaki Jumapili tu kabla ya Bi Wambui kuniita. Naishi Pipeline, ghorofa ya pili, na kwetu hata saa saba mchana huwezi kusoma bila taa, kwa jinsi majumba yalivyobanana. Tarehe zilikuwa sawa, lakini zamu zilikuwa zimeniletea kichaa kipya. Nikimweka mtu Jumatatu, anatokea Jumanne, Jumatano, wiki nzima. Nikiwa katikati ya kutafuta kosa, stima ikapotea kwenye ploti nzima. Laptop ikazima. Nikachukua flashi yangu nikatembea hadi Fedha, kwenye cyber moja, duka la intaneti lenye jenereta.

Nilimlipa dada wa mapokezi, Mumbua, akanielekeza kompyuta ya mwisho kabisa, pembeni. Kando yake kulikuwa na nyingine, skrini nyeusi, na kiti. Nikafungua faili langu nikaanza kusonya.

"Mstari wa kumi na tisa," sauti ikasema.

Nikageuka. Kwenye kile kiti cha pembeni alikuwa ameketi mwanamume wa makamo, sweta ya kijivu, na kifundoni mwa mkono utepe wa plastiki kama ule wa kuingilia kwenye sherehe. Alikuwa akitazama ile skrini yake nyeusi, si yangu. Nikadhani aliona kazi yangu nilipoifungua. Ungedhani nini wewe?

"Niaje," nikamwambia. "Una maana gani mstari wa kumi na tisa?"

"Hapo ulipotengeneza siku saba. Hukutengeneza saba. Ulitengeneza moja ukaipa majina saba." Alisema polepole, bila kunidharau. "Ni kama chumba kimoja chenye milango saba. Ingia kwa mlango wowote, ni chumba kile kile. Ukiweka mtu hapo, kila mlango utamwonyesha."

Nikautazama ule mstari. Alikuwa sawa, na nilikuwa nimeupita mara mia.

"Nifanye nini?"

"Tengeneza kila siku peke yake. Zunguka mara saba. Andika wewe, mimi sishiki."

Nikaandika. Nikaiendesha. Jumatatu ikawa Jumatatu, Jumanne ikawa na watu wake. Nikaiendesha tena kuhakikisha: zamu sawa, tarehe zimefuatana moja hadi thelathini na moja. Nilihisi furaha ya kutaka kupiga meza. Nikajiona nimeshinda.

Hapo ndipo akanigeukia kwa mara ya kwanza. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka sana.

"Na ile ya mwezi wa tatu," akaniuliza, "ya tarehe. Dada, ilikubali?"

Nilijua mara moja kwamba huyu ni Barasa. Sikujiuliza amenijuaje. Nilichowaza ni aibu tu, na mdomo wangu ukanitangulia kama kawaida yake.

"Ile? Ile nilijitatulia mwenyewe."

"Kwa hivyo jibu langu halikukufaa."

"Halikunifaa," nikasema.

Akainamisha kichwa. "Pole sana, dada. Nilikuwa na wasiwasi kwamba nimekupotosha."

Ananiomba msamaha mtu niliyemdanganya usoni. Nikainama kuchomoa flashi, nikijifanya nina haraka, na nilipoinuka kiti kilikuwa kitupu. Mlango wa cyber ile ni mmoja, na ili kuufikia ni lazima upite nyuma ya mgongo wangu. Hakuna aliyepita.

Nikamwendea Mumbua. "Yule mtu wa pale pembeni ametokea wapi?"

"Mtu gani?"

"Tuliyekuwa tukiongea naye."

Mumbua akaacha alichokuwa akifanya. "Madam, umekuwa peke yako tangu uingie. Nilikusikia ukiongea nikasema labda uko kwa simu, wacha nisikusumbue. Hiyo mashine ya pembeni hata haiwaki. Na hicho kiti huwa hatukikalii, ni cha Barasa."

"Barasa yupi?"

"Alikuwa anafunza watu hiyo mambo ya computer, hapo hapo, bure. Alituacha mwezi wa nne. Figo."

Nilitoka bila hata kumuaga, nakwambia ukweli. Lakini mimi ni mimi. Nilipofika barabara ya Outer Ring nilikuwa nimeshajishawishi kwamba Mumbua ananichezea, kwamba mtu yule alitoka nikiwa nimeinama, kwamba Fedha haikosi akina Barasa. Jumapili nilienda kanisani, nikaimba kwa sauti, nikarudi nikapiga pasi nguo ya Jumatatu. Faili sikulifungua tena. La nini, na lilikuwa limeshafanya kazi?

Jumatatu saa mbili Bi Wambui alikuwa amekaa mezani kwangu, na nyuma yake wamesimama akina mama wawili wa laini, mashahidi wa kujiteua. Nikaiendesha programu. Zamu zilitoka safi. Lakini tarehe zilianza na moja, ikafuata kumi, kumi na moja, kumi na mbili, hadi kumi na tisa, ndipo ikaja mbili.

"Huu mwezi wako ni wa nchi gani?" Bi Wambui akauliza, na akina mama wakacheka.

Nikafungua faili. Mstari wa Barasa ulikuwa pale pale nilipouweka mwezi wa tatu, hata nukta haikupungua. Ule unaogeuza tarehe kuwa namba. Nikaiendesha tena, kumi kabla ya mbili. Wewe kama unaijua kazi hii, utaniambia nilihifadhi faili la zamani, au kompyuta ya kiwandani ni tofauti. Nilijaribu hayo yote. Niliufuta mstari nikauandika upya. Niliandika njia yangu mwenyewe, tatu tofauti, ndefu na fupi. Namba ni namba, mbili hutangulia kumi duniani kote, lakini kwangu asubuhi ile zilikataa.

"Nakupa hadi saa saba," Bi Wambui akasema akiinuka. "Baadaye utamkuta msimamizi wa laini akikungoja."

Nikabaki peke yangu na ule mstari. Na hapo, bila kutaka, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, halikunifaa. Nilikuwa nimesema jibu la mtu halikunifaa. Basi sasa likawa halinifai kweli.

Saa sita na nusu nilichukua simu. Nikapanda juu kwenye kikundi, nikapita mamia ya maswali ya watu, hadi mwezi wa tatu, nikazikuta jumbe zake tatu zimekaa bila jibu. Nikajibu ule wa kwanza, mbele ya kila mtu, nikaandika hivi:

"Imekubali. Ilikubali siku ile ile, Barasa. Nilinyamaza kwa sababu ya kiburi, kisha nikasema uongo kwamba nilijitatulia. Jibu lilikuwa lako na lilikuwa sahihi. Nisamehe."

Nikaweka simu chini nikaiendesha programu bila kugusa hata herufi. Moja, mbili, tatu, nne, hadi mwisho wa mwezi.

Nililia pale kwenye meza ya stoo, na sioni aibu kukwambia. Bi Wambui alipokuja saa saba alikagua ratiba mstari kwa mstari, akaiendesha mwenyewe mara mbili, akasema karatasi ya mlangoni ibanduliwe. Sikurudi kwenye mashine. Hadi leo kiwanda kile kinaendeshwa kwa ratiba yangu, na wale akina mama ndio wa kwanza kunitetea.

Lakini mchana ule, nikiwa bado sijala, simu ilitetemeka. Ujumbe umetoka kwa namba ya Barasa. Nilikaa nao muda mrefu kabla ya kuufungua.

"Dada, mimi ni mke wake. Simu yake ninayo mimi. Alipokuwa amelazwa alikuwa akiniambia nimfungulie hapa niangalie kama umejibu. Alisema labda alikupa jibu baya likakuharibia kazi, na hana nguvu ya kukutafuta. Asante kwa kuandika. Jumamosi tunakwenda nyumbani kujengea kaburi. Nitamwambia."

Nikakumbuka ule utepe wa plastiki mkononi mwake, nikajua ulikuwa wa wodini.

Tangu hapo kila Jumamosi mchana niko kwenye cyber ile ya Fedha, kompyuta ya mwisho, nasaidia yeyote anayekuja na Python yake. Mumbua ameshanizoea. Kiti cha pembeni sikikalii, na hakuna aliyewahi kunisemesha kutoka hapo tena. Nimeacha kufokea watu, au nimepunguza. Ila nikimaliza kazi yoyote, ndogo au kubwa, siwezi kufunga faili bila kumrudia aliyenisaidia. Nikijaribu, vidole vinakuwa vizito na nasikia mtu nyuma yangu akingoja kwa adabu.

Nawe uliyenisikiliza mpaka hapa, fungua simu yako. Yupo mtu aliyekuelekeza jambo, akakuuliza kama lilikufaa, ukasoma ukapita. Unamjua. Mjibu leo, angali anaweza kusoma mwenyewe. Ukichelewa atakuja kukuuliza, na utakapomwona ukiwa na watu usitazamie waseme wamemwona. Wewe mwambie ukweli tu.