Tango la Vasilina na Nazar

Vasilina Korniychuk alipelekwa kwenye uwanja wa kuteleza barafuni pale Odesa kwa sababu mama yake alichoka kumteremsha kutoka kwenye mapaa ya majirani. Alitumaini mtoto atachoka huko. Waliochoka ni walimu. Alipokua miguu ilirefuka ghafla, kuruka kukamshinda, na Mwalimu Raisa Pavlivna, mwanamke mwenye sauti ya king'ora, akamhamishia kwenye dansi ya wawili. Mwenzi aliyepewa ni Nazar Bilyk, kijana mrefu, mpole, asiyeanza siku bila mafuta ya nguruwe na kitunguu saumu.

Hawakuiva chungu kimoja. Tango lao, ile dansi ya Kiargentina, lilitaka nyuso zikaribiane hadi pumzi zichanganyike, na hapo ndipo penye balaa. Katika mashindano yao ya kwanza kule Kyiv walitazamana kama wachumba, midomo haitikisiki.

"We, leo umemeza shamba zima?" akanong'ona Vasilina.

"Na wewe punguza kula vareniki. Mgongo wangu si winchi."

"Niangushe uone."

Majaji hawakusikia neno. Waliona macho yanawaka tu, wakamwaga alama. Mwaka hadi mwaka wawili hao walipanda, na watu wakasema mapenzi ya namna ile hayafundishwi.

Kisha treni yao ikakwama kwenye theluji wakitoka Lviv. Vasilina alikuwa na matango ya siki, Nazar alikuwa na mkate, na hakukuwa na mtu mwingine wa kugombana naye. Walipofika nyumbani walikuwa marafiki. Msimu uliofuata wakacheza tango kama watu wanaosaidiana kuhamisha kochi, na alama zikaporomoka.

Mwalimu Raisa hakulikubali hilo. Asubuhi ya mashindano ya taifa alimvuta Vasilina pembeni, akamwambia kwa masikitiko kwamba Nazar ameomba msichana mwepesi zaidi. Akamwendea Nazar, akamwambia kwamba Vasilina anamwita kabati la nguo. Wakaingia kwenye barafu wamenuna, na muziki ukaanza.

"Eti unataka mwepesi?"

"Nani kasema? Si wewe uliyeniita kabati?"

"Sijasema. Ingawa ni kweli."

Wakageuka pamoja, wakamwona Mwalimu Raisa ukingoni anachunguza kucha zake. Kicheko kikawapanda. Ili wasiaibike, kila mmoja alificha uso begani kwa mwenzake, miili ikitetemeka hadi mwisho wa muziki. Jaji mmoja alitoa leso, akajipangusa macho. Wakapata nafasi ya tatu, medali yao ya kwanza na ya mwisho.

Walipomkabili mwalimu, hakukana. "Medali mnayo," alisema. "Mnataka na ukweli pia?"

Mwaka uliofuata goti la Nazar likamtupa nje, akaenda kupika melini. Vasilina alipewa kijana mwingine, nadhifu, mwenye adabu, anayenukia sabuni. Walivuta mkia kila walikokwenda. Hatimaye akamwambia Mwalimu Raisa kwamba kijana hana kosa, ila yeye mwenyewe hana la kumwambia barafuni. Akaacha mashindano, wiki nzima akawa analala mpaka mchana, akala alichotaka. Jumatatu akarudi uwanjani kuomba kazi, na mwalimu akamkabidhi watoto wadogo wawili wasiopatana, akamwonya asije akawapatanisha.