Mukubwa Anatoka Upande wa Walikale

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi, kule kijijini kwetu Kingi, radi haikutajwa jina. Ukiitaja, umeiita. Hata sasa ninaliandika neno hilo nikitupa jicho dirishani. Koko, mama wa baba yangu, aliiita Mukubwa, kwa sauti ileile ambayo watu waliitumia kwa wenye vyeo: ya chini, huku macho yakitafuta mlango. Msimu wa mvua Koko hakutulia. Alitoka, akaangalia magharibi, ambako mawingu ya msitu wa Walikale hupanda hadi kwenye malisho yetu ya juu, akaingia, akatoka tena. Sisi wajukuu tulikula maharage ya kuungua mpaka tukadhani ndiyo ladha yake.

Siku moja shule nzima tulikuwa uwanjani, bondeni kando ya kijito, tukijifunza gwaride. Aliyetuongoza ni sekretere wa shefu, yaani karani wa chifu wetu, mtu wa filimbi, aliyeamini kwamba jambo lisilo na muhuri bado halijatokea. Jua lilituwakia. Mara nikamwona Koko anateremka kilima mbio, kitenge mkononi.

"Papa Sekretere, unipatie batoto. Mukubwa anakuja."

Filimbi ilimtoka mdomoni. "Mukubwa gani, Mama? Mimi hawakuniambia!"

"Yeye anaambiaka nani?"

"Anatokea wapi?"

"Upande ya Walikale. Ameisha kupita mulima. Sikia!"

Sekretere akatega sikio. Kweli, mbali sana, kitu kilikuwa kinanguruma.

"Iko na motokari ngapi?"

Nilikuwa mstari wa mbele, niliuona uso wa Koko ukifikiri.

"Sikuhesabu, Papa. Ni mingi."

"Na sisi tuko huku ndani ya matope!" Sekretere alipiga filimbi kama mtu aliyeumwa na siafu. "Wote juu, ku barabara! Mbio!"

"Koko, si ni mv...," nilianza. Alinifinya shavu. "Funga kinywa. Panda."

Tukapanda, wakubwa wakivuta wadogo. Kule barabarani Sekretere alitupanga kwa urefu, akachuma maua ya porini, akafunga kifungo cha shingo. Bado jua. Hakuna tone. Koko peke yake alikuwa hatazami barabara. Alitazama kijito, akihama mguu huu na huu, akihesabu vichwa vyetu, akianza upya.

Maji yalikuja kabla ya mvua. Ilikuwa imenyesha kule juu, malishoni, nasi hatukujua. Yalitokea kwenye kona ya bonde, mekundu, yamebeba miti, yakapita uwanjani pale tulipokuwa tumesimama, yakaondoka na magoli yote mawili.

Sekretere alikuwa bado ameshika maua.

"Mama," alisema taratibu, "Mukubwa iko wapi?"

Koko alielekeza bondeni kwa mdomo. "Ni ule. Anapita."

Na Sekretere, naapa, alipiga saluti.

Baadaye alieleza kila mahali jinsi serikali ilivyochukua hatua mapema. Koko hakumkanusha. Mpaka leo sijui kama alimdanganya. Hakusema hata neno moja la uongo.

Siku hizi naishi Bweremana, na onyo linaingia kwenye simu, kwa Kifaransa: mvua za radi zinawezekana, hatari ya mafuriko ya ghafla. Wanaoliandika wanayajua mawingu vizuri. Ila jirani zangu wakifika kwenye "zinawezekana" wanarudisha simu mfukoni na kuendelea kukaanga samaki.

Juzi onyo liliingia binti yangu akiwa mtoni anafua. Nilitoka, nikaingia, nikatoka. Mwishowe nikateremka mbio, kitenge mkononi.

"Mukubwa anakuja!"

"Mama naye!" alisema, lakini alikuwa ameshabeba beseni.

Mvua haikunyesha. Jioni tulikula maharage ya kuungua, yeye akinicheka, na mimi nikamwongezea sahani.