Dozi Moja kwa Kila Kaya

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "tugawane sawasawa" nainuka naondoka. Sawasawa gani?

Nyanjige alikuwa jirani yangu, katika kitongoji chetu cha wakulima wa pamba, mwendo wa baiskeli kutoka Dutwa. Mumewe alimfukuza kwa kukosa mtoto, akarudi kuishi kwa kaka yake, Machibya. Basi watu wakaona kwa kuwa hana mtoto, ni wa kutumwa na kila mtu. Mgonjwa akichafua kitanda, wenye mji wanasimama nje wameziba pua. Nyanjige ndiye anaingia, anabeba mashuka, anakwenda kuyafua mtoni kwenye kisima cha mchangani. Malipo yake bakuli la mahindi na "wabeja, mayu", yaani asante mama. Haya!

Kipindupindu kilipoingia, kilishika nyumba saba. Zote saba alifua yeye, mikono mitupu.

Ndipo akaja mtaalamu mmoja wa afya, Januarius, na kisanduku cha barafu. Chanjo, za kunywa, zilikuwa dozi sitini na mbili, sisi watu zaidi ya mia nne. Akafungua kompyuta, akatueleza kwamba hatari yetu kwa wastani ni ndogo, mtu mmoja katika mia. Nyanjige akasimama, vidole vimechubuka kwa sabuni.

"Baba, huyo wastani anafua mashuka ya nani?"

Watu wakacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Akaomba dozi moja. Januarius akakuna kichwa, akasema fomu haiulizi mtu anafanya kazi gani, inauliza namba ya kaya tu. Mwenyekiti wetu naye woga umemjaa. Huku ukimpendelea mmoja, kabla jua halijazama utasikia wewe ni mchawi. Akasema tugawe kama nyama ya msibani, kila kaya fungu moja, anayekubali anyooshe mkono. Mikono ikanyooka. Wangu pia. Nyanjige akautazama mkono wangu, mimi nikatazama chini.

Kaya ya Machibya ikapata kichupa chake. Machibya huyu hajawahi kushika ndoo ya mgonjwa hata siku moja! Kutwa yuko Dutwa anacheza bao. Akasema mwenye mji ni yeye, akakifungua, akanywa mbele ya dada yake, akafuta mdomo. Mfyuu! Nilitaka kumtemea mate usoni. Sikumtemea.

Wiki iliyofuata Nyanjige aliitwa kwa mzee Mayige, mzee kaanza kutapika. Nikamwambia, "Mayu, safari hii kataa."

"Nikikataa, nani ataingia?"

Akaenda. Siku ya tatu akaanguka yeye. Tukajazana mlangoni, waliochanjwa na wasiochanjwa, tunasukumana: ingia wewe, hapana, ingia wewe. Saa nzima! Hakuna aliyempelekea hata kikombe cha maji ya chumvi na sukari. Nilipojikaza kuingia, macho yalikuwa yamezama, ulimi umekauka. Akafa adhuhuri, kichwa chake mapajani mwangu.

Mwisho wa mwezi Januarius akarudi na fomu zake. Akatuita mkutanoni, akahesabu, akatabasamu.

"Hongereni sana. Kitongoji kizima amekufa mmoja tu. Tujipigie makofi."

Watu wakapiga. Machibya naye akapiga.