Ng'ombe Walioshushwa kwa Jirani

Nyumba aliyotuachia marehemu baba iko Makoko, ya mawe, kuta zake nene kiasi kwamba mtoto anaweza kulala kwenye kizingiti cha dirisha. Juu ya kila dirisha fundi wa zamani aliacha matundu ya hewa, na mbele akaweka baraza pana linalotazama ziwa. Tulikulia humo bila feni, wala hatukujua kwamba hiyo nayo ni mali.

Mimi nilikuwa naionea haya. Binti yangu alipopata mchumba kutoka Butiama, nikasema wakwe hawatanikuta kwenye gofu. Nikaziba matundu kwa saruji, maana yalikuwa yanaingiza na wale wadudu wa ziwani. Baraza nikalijengea ukuta likawa sebule. Madirisha ya mbao nikayang'oa, nikaweka vioo vikubwa visivyofunguka, na kiyoyozi ukutani. Mke wangu akauliza, "Na umeme ukikatika?" Nikamwambia aache uchuro. Kiyoyozi kiliunguruma tangu asubuhi hadi jioni, na mimi nikakitazama kama ng'ombe wangu wa maziwa.

Jirani yetu, mama mmoja mjane, ana nyumba pacha na yetu; fundi alikuwa yuleyule. Yake hakuigusa zaidi ya kuipaka chokaa. Nilizoea kumtania, "Mama, hiyo nyumba unaipeleka makumbusho lini?" Anacheka tu, anaendelea kuanika dagaa.

Siku ya kupanga mahari wazee walifika mchana, wamevaa makoti yao ya heshima. Aliyewaongoza ni babu wa mchumba, na fimbo yake. Walipoingia kwenye ubaridi wakatazamana, nami kichwa kikavimba. Mshenga hajamaliza salamu, umeme ukakatika.

Tukangoja. Jua lilikuwa linapiga vile vioo moja kwa moja. Mzee mmoja akaanza kujipepea kwa sahani. Mkwe kuvua koti mbele ya mama wa binti ni aibu kwetu, kwa hiyo walikaa wakiiva kimyakimya. Nikahangaika na dirisha ambalo niliagiza mwenyewe lisifunguke. Babu akainua macho pale palipozibwa.

"Hapa nilikujaga wakati wa babako," akasema taratibu. "Palikuwaga na upepo. Umeupeleka wapi?"

 Kisha akalegea kwenye kiti, fimbo ikaanguka, mke wangu akapiga kelele.

Tukambeba. Penye kivuli na upepo palikuwa mahali pamoja tu, barazani kwa jirani. Mama wa watu hakuuliza kitu. Alitandika mkeka, akaleta maji. Babu alipopata nafuu wenzake wakavuta viti, na mazungumzo ya binti yangu yakaendelea hapohapo. Binti huombwa kwao. Wangu aliombwa kwenye baraza la mtu mwingine, na mimi baba yake nimeinama, naitikia "sawa" kila ng'ombe wakitajwa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Wageni walipoondoka nilichukua nyundo na tindo, nikazibua matundu. Upepo ukaingia pamoja na wadudu wake, tukalala vizuri. Kiyoyozi sijakiwasha tena. Ukuta wa barazani nikauacha kwanza, nikidhani aibu imekwisha.

Siku ya ng'ombe nilisimama getini, nimevaa shati la kanisani. Fuso likaja, likanipita, likasimama kwa jirani, vijana wakaanza kushusha. Nikakimbia na huku napunga mikono.

"Siyo hapo! Kwa binti ni huku!"

Dereva akaitazama nyumba yangu, akanitazama mimi. "Mzee, babu katuelekeza vizuri. Kasema nyumba ya mawe yenye baraza, ndiyo kwao na binti."

Jirani alikuwa ameshika kamba ya ng'ombe mmoja, uso umemshuka kwa kunionea huruma. "Baba, nimewaambia mimi sina binti. Wanasema nyumba ndiyo hii."

Nikaipokea kamba. Nikawaswaga ng'ombe wa mwanangu kutoka uani kwa jirani, majirani wote wamejaa nje. Tulipofika mbele ya vioo vyangu, ng'ombe wa mbele akajiona humo, akagoma kabisa kuingia.