Nyoka Mweupe wa Ghala la Kijiji

Ghala la kijiji chetu lilinuka mahindi makavu, majivu na magunia ya katani, na chini ya harufu hizo ilikuwapo nyingine, nzito kidogo, kama ya udongo uliofukuliwa punde. Wageni waliuliza ni harufu ya nini, nasi tukawajibu bila haya: nyoka. Tulikaa mlimani juu ya mji mdogo wa Soni, miaka ile kaya zilipotakiwa kuishi na kulima pamoja, na chakula cha wote kikawekwa chini ya bati moja. Panya waliuelewa Ujamaa haraka kuliko watu. Baba yangu, mtunza ghala na mzee wa kanisa, alikuwa na dawa yake: nyoka wa kahawia wasio na sumu, wale wanaoingia majumbani kufuata panya. Aliwakamata kwenye kuta za mawe za mashamba na kuwaachia kati ya magunia. Watu walimtania kwamba mzee wa kanisa amekwisha kuisamehe kesi ya Edeni. Yeye alicheka tu, kwa sababu mahindi yalikuwa yanabaki.

Mimi nilikuwa mtoto wa kike pekee kijijini aliyewashika nyoka wale, na sikuwa na unyenyekevu wowote juu ya jambo hilo. Nilijua kwamba ngozi yao ni kavu na laini kama mpini wa jembe uliozoea mkono, kwamba jike ni mnene na dume ana mkia mrefu. Kwa hiyo baba alipofukua jike mweupe chini ya jiwe, mwenye rangi ya uji wa mchele na macho mekundu, aliniita mimi kwanza. Tulimweka ghalani katika sanduku lenye wavu. Bahati yake mbaya, wiki hiyohiyo mvua ya mawe ilishuka ikapiga maharage yakalala chini. Mnyonge hana haki, na ni nani mnyonge kuliko nyoka? Ikasemwa kwamba mweupe yule ametumwa, na kwamba wenzake wa kahawia ni askari wake.

Mkutano ukaitishwa. Mwenyekiti wa kijiji hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na watu wengi wa kuwaridhisha. "Ndugu mtunza ghala," alisema, "kama huyu ni nyoka wa kawaida, atazaa mweupe mwenzake. Kama ametumwa, hatazaa. Nakupa mavuno mawili. Tusipoona mtoto mweupe, nyoka wote watatoka ghalani na watauawa." Baba akasimama, akasema mtoto wa nyoka ni nyoka, watu wakacheka, naye akakubali upesi mno. Nyoka wakiondoka, panya wangerudi, na sisi tulikwisha kuujua mwezi wa njaa ambao panya huuacha nyuma yao.

Jike mweupe aliwekewa dume wa kahawia, akataga, nasi tukayafukia mayai kwenye samadi iliyooza ili yapate joto, maana baridi ya kwetu haina huruma. Siku yalipopasuka nilikuwa nimepiga magoti mbele ya sanduku. Wa kwanza alitoka wa kahawia, wa pili kahawia, na wote waliofuata kahawia tupu. Baba aliketi juu ya gunia mpaka mama akatuma tuitwe kula. Nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu.

Lakini mimi sikukata tamaa, kwa kuwa nilikuwa nimeona jambo zizini kwa bibi, mama yake baba. Ng'ombe wake mweusi alipandwa na dume mweusi, akazaa ndama mwekundu. Bibi alimtazama akasema, "Huyu kamfuata nyanya yake," akaendelea kukamua, na hakuna aliyeitisha mkutano. Basi nilimwambia baba kwamba weupe haukupotea, umejificha ndani ya watoto. Kwa kuwa hatukuwa na nyoka mweupe mwingine, njia ilikuwa moja: dume mmoja kati ya watoto wale akue, kisha arudishwe kwa mama yake, ili weupe uliojificha ukutane na ulio wazi.

Baba alinikazia macho. "Mama na mwanawe? Ndani ya ghala langu? Neno hilo usilirudie." Kumbe ndiyo maana alikwisha kuwatenga watoto wale, majike sanduku hili na madume lile, kama mabweni ya misheni! Aliona ni aibu hata ndugu na dada kulala pamoja. Bibi alikuwa mlangoni akipukuchua maharage. Hakuinua kichwa.

"Hivi wewe mzee wa kanisa," aliuliza, "watoto wa Adamu walioa nani?"

"Mama, hayo ni mengine."

"Na nyoka gani umemwona akitoa mahari?"

Baba alivaa kofia yake. Alinipa ufunguo wa ghala, akasema, "Mwakani dume akikomaa, umweke wewe. Mimi nitakuwa kanisani." Nikamweka.

Mavuno ya pili yalipokaribia, mayai yalianza kupasuka, na mwenyekiti akaja na wajumbe wake. Niliwaamkia shikamoo kwa sauti ya mtu anayejua analofanya. Kichwa cha kwanza kilikuwa cha kahawia. Mjumbe mmoja akaguna. Kisha yai la pembeni likachanika, likatoa pua nyeupe na jicho jekundu. Nyuma yake akatoka mweupe mwingine. Nilipiga kelele za furaha mpaka wakaninyamazisha. Mwenyekiti aliinama akatazama kwa muda mrefu. "Kumbe ni rangi tu," akasema, kisha akaomba nyoka mmoja wa kahawia kwa ajili ya stoo yake.

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu vijana wa nchi za mbali wanaozalisha chatu wa kila rangi, weupe, wa dhahabu, wa madoa, kila rangi na jina lake na bei yake. Alinieleza kwa majivuno kwamba rangi inaweza kujificha kizazi kizima, nami nikamwachia afundishe. Nilipomsimulia habari za ghala, macho yalimtoka.

"Bibi, wale weupe mliwauza shilingi ngapi?"

"Hatukuuza. Baba aliwaachia kwenye magunia pamoja na wenzao."

"Sasa mlipata nini?"

"Tulikula makande," nikamwambia, "kijiji kizima, mpaka mahindi mapya yakakomaa."