Kiongozi wa Usafi Alikuwa Amelala

Jameni, leo nimeamshwa na mradi wangu mwenyewe.

Si mnakumbuka vile nimewasumbua hapa wiki yote? "Vijana wa mtaa wa Shieywe, Jumamosi asubuhi tuzibue mtaro! Digrii yangu ni ya kutumikia jamii!" Hata tisheti nyeupe nikachapisha: KAZI KWANZA.

Sasa leo nasikia majembe nje. Nikajua ni jirani anajenga. Nikageukia upande wa pili.

Kumbe ni nyinyi. Mmekuja kweli! Mimi nilidhani mtanipigia tu makofi huku mtandaoni.

Mtu akauliza langoni, "Mama, kiongozi ako wapi?"

Mama yangu, bila huruma: "Mwacheni alale kidogo. Jana aliposti mpaka akachoka."

Kufika mtaroni, maji yanatembea vizuri. Kazi imeisha. Watu wana tope hadi kwenye nyusi. Nikashika koleo angalau nionekane. Jirani yetu mmoja akaninyang'anya polepole.

"Wacha tu, utachafua tisheti."

Halafu wakanisukuma katikati ya picha.

Ndiyo hiyo hapo chini, chekeni tu. Kama hamnioni, mimi ndiye yule msafi.