Sukari ya Paka wa Nazari

Sisimizi ndio walioleta habari. Ottilia alikuwa anafagia nyuma ya jiko lake, pale Mbaha kando ya ziwa, akawaona wamejipanga mstari mrefu kutoka kwenye shina la mpapai hadi kwenye kidimbwi kidogo kilichokuwa kinakauka mchangani. Akainama, akanusa, akajua ni mkojo wa paka. Akabaki amesimama na ufagio mkononi. Miaka sita nyuma sisimizi wa namna hiyo hiyo walijipanga nyuma ya choo, kwenye mkojo wa mume wake Nazari, na mwezi haukuisha akaambiwa ana kisukari.

Paka mwenyewe aliitwa Katekista. Jina alipewa na Nazari, kwa sababu eti alitembelea kaya zote za mtaa na hakukosea saa ya chakula hata siku moja. Katekista wa kweli wa kigango alinuna wiki nzima aliposikia, halafu akazoea. Nazari alikuwa mtu wa masihara namna hiyo, anakucheka na bado unamkaribisha kwako. Alifariki Ijumaa Kuu ya mwaka jana. Mtumbwi na nyavu vilichukuliwa na wadogo zake, mashati yakagawiwa siku ya arobaini, na aliyebaki kumngoja pale mlangoni kila jioni akawa ni paka peke yake. Kwa Ottilia, kumpoteza na huyo kwa ugonjwa ule ule lilikuwa jambo ambalo hakuweza hata kulifikiria.

Sasa inabidi kueleza Ottilia ni mtu wa namna gani. Kwao ni Maguu, juu milimani kwenye kahawa, na ingawa alikuwa ameishi ufukweni miaka karibu arobaini, alibaki mtu wa milimani. Kahawa huvunwa mara moja kwa mwaka, na mtoto wa huko hujifunza mapema kwamba kitu kizuri hakiguswi hovyo. Ottilia alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda. Humo mlikuwa na sahani za harusi ambazo hazijawahi kuona wali, sabuni za kunukia zilizokwisha kupoteza harufu, na vitenge vilivyokunjwa hadi vikachanikia kwenye mikunjo. Wanawake wa ziwani walimcheka, naye akawajibu kwamba wao wanaishi kama ziwa litawapa samaki milele.

Ndani ya sanduku hilo hilo aliweka mashine ya kupimia sukari. Binti yao aliyeolewa Mbinga mjini ndiye aliyeituma, pamoja na mikebe miwili ya vijiti vya kupimia. Ottilia aliipokea kwa mikono miwili, akaifungia. "Hivi ni vya siku mbaya," alisema. Nazari aliafiki, maana na yeye hakupenda kutobolewa kidole. Kliniki alikuwa anakwenda peke yake, na akiulizwa wamesemaje, jibu lilikuwa moja: wamesema nisile vitamu. Basi Ottilia akawa anamchoma sindano yake ya insulini kila siku saa kumi na mbili asubuhi, anamwandalia uji usio na sukari, na kopo la sukari analificha. Alijiona ni mke mwangalifu, na kwa jinsi alivyoelewa, alikuwa mwangalifu kweli.

Siku mbaya ilikuja na hakulikumbuka sanduku. Ijumaa Kuu ile, kwenye saa nne na nusu, Nazari alianza kutokwa jasho na kutetemeka. Akawa anaongea maneno yasiyoeleweka. Dada yake, Mektilda, alikuja mbio na chupa ya chai, chai ya kwake yenye sukari, na Nazari alipoisikia harufu yake akainyooshea mikono. Alipiga mafunda mawili. Ottilia akakipokonya kikombe. "Wifi, unataka kumuua kaka yako?" Wakamtafutia gari, na hakufika hospitali akiwa hai.

Msibani, mbele ya wanawake wote waliokaa kwenye mikeka, Ottilia alimwambia wifi yake, "Chai yako ndiyo iliyommaliza." Tangu siku hiyo watu waliona Mektilda haweki tena sukari kwenye chai, na baadaye hanywi chai kabisa. Wawili hao walibaki kusalimiana kanisani kwa sababu kutosalimiana kungeonekana.

Wiki chache baada ya arobaini, Ottilia alifungua sanduku akitafuta kitenge, mkono wake ukagusa mikebe miwili ya vijiti. Alikaa chini sakafuni akalia mpaka akatapika. Yote miwili ilikuwa haijawahi kufunguliwa.

Kwa hiyo siku ya sisimizi hakwenda kwa jirani wala kwa mganga. Alikwenda moja kwa moja kwa Kilian, afisa mifugo wa kata, kijana mstaarabu mwenye pikipiki isiyokosa matope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Paka wangu ana kisukari."

Kilian alitaka kucheka, akautazama uso wa mama, akaacha. "Mama, mimi ni mtu wa ng'ombe na nguruwe. Paka nawajua kwa chanjo ya kichaa cha mbwa tu. Lakini ninaye rafiki niliyesoma naye, anatibu paka na mbwa wa watu mjini. Ngoja nimpigie."

Aliongea kwa simu muda mrefu, akiandika kwenye daftari la chanjo za kuku. Kumbe paka hupata kisukari kama mtu, na hupimwa kwa mashine ile ile, ila si kwenye kidole. Hupimwa sikioni. Kilian alikuja nyumbani akaonyesha, akamtoboa Katekista haraka haraka kama anavyochoma ng'ombe, na Katekista akamkwangua mkono akapotelea juu ya dari hadi kesho yake. "Mama, naona hii kazi inataka mkono wako," alisema Kilian huku akijipangusa damu. Akamwachia maelekezo: apimwe kwanza, ale, ndipo achomwe, na dozi iwe ndogo sana. Asali iwe karibu. "Sukari ikishuka mno, mpake asali kwenye ufizi. Ikishuka inaua upesi kuliko ikipanda."

Ottilia aliitikia, na neno hilo la mwisho likampita. Mgonjwa wa sukari atapungukiwaje na sukari? Hata hivyo aliweka kwenye rafu chupa ya asali aliyoletewa na shangazi yake kutoka kijiji cha Ukata, kwa kuwa ameambiwa aiweke.

Kujifunza kulimchukua karibu mwezi. Siku za mwanzo damu ilienea kwenye manyoya, mashine ikaandika kosa, na kijiti kikaenda bure, naye akaumia moyoni kwa kila kijiti. Alichogundua ni kwamba paka huanza kuogopa kabla ya sindano, pale unapomnyemelea. Basi akaacha kumnyemelea. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda kile kile, akatandika mapajani shati la Nazari alilolificha lisigawiwe, akamwacha Katekista aje mwenyewe. Alichovya kitambaa kwenye maji ya vuguvugu, akalishika nacho sikio mpaka lipate joto, huku anamwongelesha kwa Kimatengo cha kwao milimani, lugha ambayo paka wa ziwani hakuwa na sababu ya kuijua. Aliweka pamba nyuma ya sikio ili asijitoboe kidole, akachagua ukingoni kabisa, pale kamshipa kembamba kanapopita, akagusa mara moja tu. Tone likatoka, dogo kuliko punje ya ulezi. Akaligusisha kijiti, akabana sikio kwa pamba huku akihesabu taratibu hadi thelathini, kisha akampa dagaa mmoja wa usipa, wa kuchoma. Ishirini na mbili, mashine ilisema mwanzoni, sukari nyingi mno. Baada ya wiki kadhaa za sindano ikasema kumi na tano, halafu kumi na moja. Insulini, aliyoletewa na Kilian kutoka mjini, aliihifadhi kwenye chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga wenye maji, ili ibaki baridi. Katekista akanenepa, akaanza tena kutembelea kaya za watu.

Asubuhi moja Mektilda alipita na beseni la samaki kichwani, akawakuta kwenye kigoda. Akasimama.

"Paka anapimwa," alisema. "Kaka yangu nyumbani hakupimwa hata mara moja."

Akaenda zake. Lilikuwa kweli, na usiku ule Ottilia hakulala.

Ungedhani mtu aliyepigwa hivyo angebadilika. Lakini vijiti vilipofika robo ya mkebe wa mwisho, ule umilimani wake ukarudi. Paka si amepona? Akaanza kupima mara moja kwa siku tatu, mkebe ukarudi sandukuni, na sindano ikaendelea kila siku saa kumi na mbili.

Hivyo ndivyo ilivyofika Ijumaa Kuu ya mwaka huu. Mitumbwi haikuingia ziwani tangu jioni ya Alhamisi, kama desturi, na ufukwe mzima haukuwa na samaki, si usipa wala mbelele. Watu walikuwa wamefunga, majiko yamelala. Ottilia alimwekea Katekista kipande cha ugali wa jana na mchuzi. Katekista alinusa, akageuza uso. "Utakula ukisikia njaa," alimwambia. Haikuwa siku ya kupima. Akamchoma sindano, akajifunga kitenge, akaenda kwenye Njia ya Msalaba, na kituo baada ya kituo alimwombea Nazari.

Aliporudi ilikuwa imekaribia saa tano. Ugali ulikuwa pale pale na nzi juu yake. Katekista alikuwa kando ya mlango, anajaribu kusimama na miguu ya nyuma haimtii. Mate yalimtoka. Macho yalikuwa wazi, yakimtazama Ottilia bila kumjua, na mwili mzima ulikuwa unatetemeka.

Ottilia aliujua mtetemeko ule. "Imepanda!" alipiga kelele peke yake uani. "Imepanda, Mungu wangu, kama ya baba yako!" Akakimbilia chungu cha insulini, akavuta dawa kwenye bomba, akamshika paka ngozi ya shingo. Sindano ilikuwa imebakisha nukta kuingia. Hapo akasikia tena kichwani mwake sauti ya Mektilda, ile ya siku ya beseni: hakupimwa hata mara moja.

Akaiweka sindano chini. Akavuta sanduku kwa nguvu mpaka sahani za harusi zikagongana. Sikio la Katekista lilikuwa baridi, hakukuwa na moto wala maji ya vuguvugu, kwa hiyo alilifunika kwa viganja vyote viwili akalipulizia pumzi yake. Alitaka kuharakisha. Mikono ilikataa, ilikuwa imeshazoea upole. Pamba nyuma, ukingoni, mara moja. Tone likatoka.

Moja nukta nane.

Aliisoma mara mbili. Akageuza mashine, labda ameishika juu chini. Moja nukta nane. Ndipo neno la Kilian lililompita miezi yote ile, kwamba ikishuka inaua upesi, likamrudia. Akaitwaa asali, akachovya kidole, akampaka Katekista kwenye ufizi, kidogo kidogo, akimfuta mate na kumpaka tena. Zilipita dakika nyingi. Mtetemeko ukapungua. Ulimi ukatoka, ukalamba. Baada ya robo saa paka aliinua kichwa akamtazama, na safari hii alimjua.

Ottilia hakufurahi. Alikuwa amekaa sakafuni, kidole kinanata asali, na alikuwa anaona bakuli. Baada ya mazishi, alipofagia chumba, alikuta bakuli la uji chini ya kitanda upande wa Nazari, limejaa, limekauka, halijaguswa. Wakati ule alidhani ugonjwa ndio uliomzuia kula. Sasa alielewa. Nazari alikuwa amefunga. Ilikuwa Ijumaa Kuu, na yule mzee mkaidi aliona aibu kula uji wakati kijiji kizima kimefunga, akaficha bakuli ili mkewe asigombe. Naye alikuwa ameshamchoma sindano yake, saa kumi na mbili kamili. Jasho lile, mtetemeko ule, mikono iliyonyooshewa kikombe: mwili wake ulikuwa unaomba kile kile alichokuwa amekileta Mektilda mbio kutoka nyumbani kwake.

Aliogopa. Angeweza kunyamaza, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyeliona bakuli. Alimlisha Katekista hadi akashiba, akambeba kwenye shati la Nazari, akachukua na mashine, akaenda kwa wifi yake.

Mektilda alikuwa anaanika muhogo uani. Hakuinuka.

"Wifi," Ottilia alisema, akiwa bado amesimama, "Nazari alikuwa amefunga siku ile. Bakuli la uji nililikuta chini ya kitanda. Mimi nilimchoma dawa akiwa hana kitu tumboni, sukari ikamwishia mwilini. Leo nimeyaona yote kwa paka huyu, na nimempima. Chai yako ndiyo ingemponya. Mimi ndiye niliyempokonya. Halafu nikakusingizia mbele ya watu."

Mektilda alipanga vipande vya muhogo vilivyobaki mkononi. Hatimaye alisema, bila kumtazama, "Aliniomba tena ulipotoka kwenda kutafuta gari. Chai ilikuwepo kwenye chupa. Nikakuogopa wewe, nikamnyima."

Aliinuka akaingia ndani. Ottilia alisikia moto unawashwa, na baada ya kitambo kopo linafunguliwa, na kijiko kinagonga kikombe, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mektilda alitoka na kikombe kimoja tu. Aliketi, akapuliza, akaanza kunywa chai yake yenye sukari huku machozi yanamtoka. Hakumkaribisha wifi yake kiti. Ottilia alibaki amesimama na paka kifuani, akamngoja amalize.